Kengele ya Mezani

Wiki iliyopita mliniacha kwa fundi cherehani, begi mkononi, nimefukuzwa chumba, na mwanamke aliyejaa dhahabu mpaka kwenye jino ananiuliza, "Dada, umejifunzia wapi kuongea hivyo?" Haya, ingieni ndani mfunge mlango. Nimeshahamia kwake.

Kwa wewe uliyechelewa nitasema mbio mbio. Nimekuwa msichana wa kazi tangu ningali mtoto, nyumba moja tu, ya daktari mkubwa, watu wa piano na vitabu. Daktari akafa. Mkewe akaenda ng'ambo kwa watoto wake, mimi nikapewa sweta moja na ahsante. Kwa hiyo yule mama aliponiuliza pale kwa fundi, nilimjibu kwa sauti ile ile ya bosi wangu: "Nimekulia nyumba ya wakubwa." Sikumwambia nilikulia upande gani wa mlango.

Akaniamini. Wenye pesa mpya huamini chochote kinachosemwa polepole.

Mumewe anafyatua matofali, ndiyo maana kimoyomoyo namwita Mama Matofali. Pesa wanazo, sitasema uongo. Wana mageti mawili, moja la kupita na moja la kutazamwa. Makochi hayajavuliwa nailoni, ukikaa yanalia kama bata. Televisheni kila chumba, kitabu hakuna hata kimoja cha kufunikia kikombe. Siku ya kwanza nilipoyaona mapazia yao ya maua ya dhahabu nilitaka kucheka, nikameza, maana nilikuwa na njaa.

Wana kijana mmoja tu, na huyo kampenda binti wa Jaji mstaafu. Jaji na mkewe wamesema watakuja kwanza kuitazama nyumba na watu wake. Wakiridhika, harusi. Wasiporidhika, binti ameshaambiwa asahau.

"Mwalimu," Mama Matofali aliniambia, kanishika mikono miwili, "mwanangu akimkosa huyu msichana kwa sababu yangu, sijui nitamtazamaje usoni. Nifundishe niwe kama wao. Ukiniweza, chumba cha wageni ni chako mpaka uzeeke."

Chumba cha wageni! Kina kitanda, kina dirisha, kina mlango wenye ufunguo, na ufunguo nakaa nao mimi. Maisha yangu yote sijawahi kulala mahali ambapo mtu hawezi kuingia kuniuliza chumvi iko wapi.

Nikasema, "Tunaanza kesho."

Nilimfundisha kila nilichokijua, sikumficha kitu. Trei kifuani, viwiko vimebana mbavuni. Mlango unaugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, unangoja. Chai unaimimina umesimama nyuma ya bega la mgeni. Sikio la kikombe linatazama mkono wake wa kulia. Macho chini. Ukiulizwa, "Ndiyo, mama." Ukitoka, unarudi kinyumenyume kidogo ndipo unageuka, na kitasa unakishika mpaka mlango ujifunge bila sauti.

Bwana Matofali tulimfanya mgeni wa kujifunzia. Alikaa na kandambili zake, kakunja nne, mkewe anamwinamia na birika.

"Yaani hivi ndivyo wanavyoishi?" akauliza. "Mke wa mtu mkubwa anamiminia watu chai amesimama?"

"Ndivyo."

"Basi na mimi nilikuwa mkubwa siku zote sijijui," akasema, akacheka mpaka akamwaga chai kwenye nailoni. Nilimtazama kwa dharau ambayo nilimwona bosi wangu akimtazama nayo muuza mkaa. Naijua hiyo dharau vizuri, nimeifanyia mazoezi kwenye kioo.

"Na maongezi?" Mama Matofali akaniuliza. "Watu wa juu wanaongea nini?"

"Hawaongei," nikamwambia. "Watu wa juu ni watu wa kunyamaza."

Nilisema kwa uhakika kabisa. Miaka yote ile, kila nilipoingia na trei niliwakuta wamenyamaza.

"Na kula?"

"Mwenye nyumba wa hadhi hali na wageni. Anakula baadaye, jikoni, kilichobaki."

"Ehee! Kumbe ndiyo maana wembamba vile," akasema, akaridhika.

Nyumba ile ilikuwa na msichana wa kazi, kisichana chenye mdomo, alikuwa akitutazama ameegemea jokofu. Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Mwalimu, samahani. Mbona unamfundisha mama kazi yangu?"

"Nyamaza! Utajua nini wewe, umekulia wapi?"

Mama Matofali alicheka. Mimi sikucheka. Siku hiyo hiyo nikamshawishi ampe likizo mpaka wageni wapite. "Mwanamke wa hadhi," nikamwambia, "wakwe zake anawahudumia kwa mikono yake." Msichana alifunga mzigo wake huku ananitazama, na mimi nilimpita kama napita kiti. Vile vile nilivyopitwa mimi. Dharau jamani inaingia haraka, haihitaji hata darasa.

Mwisho nikamnunulisha kengele. Kengele ndogo ya shaba, ya kuweka mezani karibu na sukari, maana nyumba ya watu lazima iwe na kengele. Nani angeipiga, na angemwita nani, hatukujiuliza.

Siku ikafika. Bwana Matofali nilimpeleka bafuni na brashi ya viatu asugue udongo kwenye kucha, nikamwambia asitoke mpaka aitwe. Mimi nikavaa hariri niliyoshonewa, maana nilikuwa nitambulishwe kama dada mkubwa wa mwenye nyumba. Nikabaki jikoni kukata keki, mlango wa mbele nikamwachia Mama Matofali.

Gari la Jaji likaingia linakohoa. Gari kuukuu, ila limeoshwa mpaka linatia huruma. Nikasikia mlango unafunguliwa, nikasikia sauti kavu ya kike.

Mara Mama Matofali huyo, anakuja jikoni mbio kwa ncha za vidole, kakumbatia mkoba wa watu na shali ya watu.

"Mwalimu! Nimewafungulia. Nimeinama, nimesema karibuni, macho chini. Yule mama akanipa mkoba wake na shali yake."

"Vizuri. Halafu?"

"Halafu akaniambia, 'Kamwite mama mwenye nyumba, mwambie tumefika.'"

Kisu kikaniganda mkononi.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema, 'Ndiyo, mama.' Si ndivyo ulivyonifundisha? Nikarudi kinyumenyume, nikageuka. Sasa nifanyeje?"

"Mwenye nyumba ni wewe!"

"Najua ni mimi! Sasa nijiite?"

Alikuwa ananitazama kama mtoto anayengoja kuambiwa amepata ngapi. "Au ndiyo mtihani wenyewe?" akauliza.

Maneno ya yule msichana niliyemfukuza yalinirudia neno kwa neno. Mimi sebuleni kwa daktari sikuwahi kukaa hata siku moja. Walikuwa wananyamaza kwa sababu nimeingia mimi. Nikitoka tu waliongea, walicheka, walikula pamoja, na mimi niko upande wa pili nimeshika kitasa. Nimemchukua mwanamke mwenye mageti mawili nikamfanya awe mimi.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Nakwenda kuwaeleza."

Na kweli nilikuwa na nia ya kuwaeleza, msinitazame hivyo.

Nilipoingia sebuleni na keki yangu nikaitua mezani, Bibi Jaji alisimama. Alisimama kwa ajili yangu! Mwanamke mwembamba, mkavu, shingo ndefu, akaninyooshea mikono miwili.

"Mkwe wangu! Ndiye wewe bwana. Hata bila kuambiwa ningekujua."

Mdomo ulifunguka useme hapana. Ukasema, "Karibuni, karibuni sana. Ketini." Na mimi mwenyewe nikaketi, kwenye kiti cha mwenye nyumba, nailoni ikanililia chini.

Nitasema ukweli, maana mlango tumefunga: nilisikia raha. Raha ya kutoka utosini mpaka kisiginoni. Nilitaka bosi wangu anione, huko ng'ambo aliko.

Jaji alikuwa ameshavamia keki. Mzee mkubwa wa mwili, koti zito kwenye joto lote lile. Nilipomsogezea sahani nikaiona kola ya shati lake: imefumuliwa, ikageuzwa, upande uliochakaa ukashonewa ndani. Hapo jicho langu halidanganyiki, nimegeuza kola nyingi. Kumbe na wao hawana kitu! Wamekuja na jina lao tu, limepigwa pasi, kuliuza kwa mfyatua matofali. Niliwadharau papo hapo, wote wawili, na bado nilitaka wanipende.

"Msichana wako mzuri sana," Bibi Jaji akasema. "Umemtoa wapi? Siku hizi hawapatikani. Anajua hata kushika kitasa."

"Nimemfundisha mwenyewe," nikasema. Ulikuwa ukweli pekee niliousema siku hiyo.

"Inaonekana. Maana mkwe, nikwambie, tulikuwa na wasiwasi. Tuliambiwa ni watu wa matofali. Mali si mbaya, lakini mali hata jambazi anayo. Sisi tunatazama malezi." Akazungusha macho kwenye sebule. "Na malori yale niliyoyaona nje, ni yenu wenyewe?"

"Ni yetu."

"Yote? Na tanuru je, limeandikwa kwa jina la kijana, au bado la baba yake?"

"Mke wangu," Jaji akasema, mdomo umejaa.

"Nauliza tu kwa ajili ya mtoto. Mimi nimekulia nyumba ya wakubwa, siwezi kumtoa mwanangu kwa watu wanaofuta mikono kwenye pazia."

Jaji akafuta mikono kwenye kitambaa cha meza.

Nimekulia nyumba ya wakubwa. Nilishtuka kidogo. Maneno hayo nilidhani ni yangu peke yangu.

Mlango ukagongwa. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Mwanamke anabisha hodi sebuleni kwake mwenyewe!

"Ingia," Bibi Jaji akasema, kabla yangu.

Mama Matofali akaingia na trei. Akaniona kwenye kiti chake. Akasimama pale pale, vikombe vikagongana, akavituliza. Tukatazamana. Kisha akashusha macho chini kama nilivyomfundisha, akaja akamimina.

Angeweza kunivua nguo mbele yao kwa neno moja. Hakulisema. Alidhani nina mpango. Alidhani namwokolea mwanawe. Ndivyo alivyoniamini yule mama, mjinga wa watu, na ile raha yangu ikaanza kuchacha mdomoni.

"Ndiyo, mama," alimjibu Bibi Jaji alipoulizwa sukari. Yeye, ambaye sukari ile, kijiko kile, sakafu ile, vyote ni vyake.

Bibi Jaji alikuwa anamfuata kwa macho, ananong'ona kama anayesali. "Sikio la kikombe kulia. Safi. Kitambaa mkononi. Birika halijagusa kikombe. Safi kabisa."

Nikaanza kujiuliza. Bosi wangu miaka yote hakujua kama nina mikono. Kuna siku nilimmiminia chai kidole kimefungwa bendeji, damu imetokeza, akaniomba maziwa. Mwenye nyumba halisi hatazami hayo, anatazama chai tu kama imefika. Huyu mbona anaona kila kitu?

Kabla sijajijibu, mlango ukafunguliwa bila hodi. Bwana Matofali, shati limemganda kwa maji ya kuoga, brashi ya viatu mkononi.

"Mke wangu, nimesugua mpaka ngozi inatoka! Nitakaa bafuni mpaka lini?"

Alikuwa anamwambia mwenye trei.

"Mke wako?" Bibi Jaji akauliza. "Huyu?"

"Sasa nani?"

"Na huyu niliyekaa naye hapa?"

"Huyo si Mwalimu! Anamfundisha mke wangu ustaarabu." Alisema kwa fahari, maskini. "Kakulia nyumba ya wakubwa huyo."

Bibi Jaji akaweka kikombe chini. Hakupayuka. Alicheka kicheko kidogo cha puani, na kiliniuma kuliko kofi.

"Nyumba ya wakubwa," akasema. "Hebu mtazameni alivyokaa. Kakaa ukingoni, magoti yamebanana, miguu iko tayari kuinuka. Huyu hajawahi kuegemea kiti cha mtu maishani mwake. Ni msichana wa kazi huyu! Na wewe, mama, umefundishwa utumishi, hukufundishwa kingine. Umenipokea mkoba. Umebisha hodi nyumbani kwako!"

Nikayatazama magoti yangu. Kweli yalikuwa yamebanana.

Mama Matofali aliiweka trei mezani, polepole, bila sauti. Akajibwaga kwenye kochi, akalia.

"Nilifanya kila kitu," akasema. "Mwalimu, si nilifanya kila kitu ulichoniambia?"

Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Jaji, tema hiyo keki tuondoke," Bibi Jaji akasema. "Mwanangu haingii hapa. Afadhali azeekee nyumbani na jina lake."

"Mke wangu, taratibu," Jaji akasema, akajikatia kipande kingine. Nilimwelewa. Hakujua lini angeonja tena.

"Ngojeni kwanza!" Bwana Matofali akafoka. "Yaani mnanidharau kwangu, mnakula vyangu? Mwanangu anakosa nini? Mke wangu kasimama siku zote hizi mpaka miguu imemvimba, kwa ajili yenu! Tumenunua sahani, tumenunua vijiko, tumenunua mpaka dude hili." Akanyakua kengele mezani. "Hili nalo mtu aniambie ni la nini!"

Akalitikisa kwa nguvu zake zote za tanuruni. Mlio ukajaa sebule nzima.

Nikasimama.

Sikuamua kusimama, miguu ndiyo iliyoamua. Mkono wa kulia juu ya wa kushoto, chini ya kitovu, macho chini, ulimi tayari kusema ndiyo, mama. Aibu ilinijaa hata nikashindwa kuinua uso. Nikabaki natazama sakafu.

Na pale sakafuni nikaona viatu.

Viatu vyembamba vya kike, vya zamani, vimepakwa rangi mpaka nyufa zimejaa, visigino vimegusana. Vilikuwa vimesimama sambamba na vyangu. Nikapandisha macho taratibu. Mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Chini ya kitovu. Shingo ile ndefu imeinama.

Bibi Jaji alikuwa amesimama kama mimi.

Mwanamke aliyebaki amekaa alikuwa mmoja tu: mke wa mfyatua matofali, anapenga kamasi kwenye kitambaa cha chai. Kengele ile kwake ilikuwa kelele tu.

Jaji akainua uso kutoka kwenye keki. "Mke wangu," akasema, "unakwenda wapi?"

Bibi Jaji alinitazama mimi. Dharau yote ilikuwa imemtoka, na kilichobaki machoni mwake nakijua, nakiona kila asubuhi ninapochana nywele. Aliniomba. Bila kufungua mdomo, aliniomba nimfichie.

Mimi! Yeye huyo huyo aliyenivua nguo mbele ya watu sasa hivi tu.

Mama Matofali aliacha kulia. Alimtazama Bibi Jaji mikono, akanitazama mimi mikono, akarudi kwa Bibi Jaji. Kisha akamnyang'anya mumewe kengele, akaishika ulimi isilie tena, akaiweka mapajani. Akaegemea kochi lake mpaka mwisho. Nailoni ikalia, na safari hii hakuna aliyethubutu kucheka.

"Haya," akasema. "Nani aanze?"